Hachezi Huyo!

Kinachonikera kuliko vyote kwenye bustani za wanyama ni mtu kumwona tembo akiyumba kushoto kulia, kushoto kulia, kisha akamwambia mwanawe, "Tazama, anacheza!" Hachezi. Hiyo ni dalili ya mnyama aliyeelemewa na kifungo. Wenzake wa porini hawayumbi hivyo. Mwingine anagonga kioo ili simba aamke apigwe picha. Mwacheni alale jamani, simba hulala hata saa 20 kwa siku!

Najua, mtaniambia bustani hizi huokoa wanyama wasitoweke: choroa wa Arabuni, aina ya swala wakubwa, walitoweka porini mwaka 1972, wakarudishwa Oman mwaka 1982 kwa sababu walizalishwa kizuizini. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini tembo yule wa peke yake, aliyeumbwa kuishi na mama, shangazi na dada zake, anaokoa nini pale?