Agizo la ulinzi halifanyi kazi likikaa mkobani

Mtu akishambuliwa ilhali ana agizo la ulinzi, yaani amri ya mahakama inayomkataza mwingine kumdhuru, watu husema karatasi haizuii ngumi. Mimi naona lawama hiyo inakwenda pasipostahili. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani ina meno. Mahakama inaweza kumtoa mlalamikiwa nyumbani hata kama nyumba ni yake, na akikiuka agizo kuna faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Haiwahusu wake wa ndoa tu: wachumba, mliyezaa naye, mliyeachana naye, wote wamo. Wanaume pia. Hata wakwe wanaoingilia ndoa wametajwa.

Mambo huharibikia kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia unapoomba agizo. "Hunipiga mara kwa mara" haimpi hakimu pa kushika. Andika tarehe, saa, alitumia nini, nani alisikia, ulitibiwa wapi. Ambatisha nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 (ya polisi, ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha) na jumbe za vitisho zilizochapishwa. P3 ikichelewa, usiingoje. Hapa huhitaji ushahidi mzito kama wa kesi ya jinai. Omba agizo la muda kabla mlalamikiwa hajaitwa kortini, maana siku anayopata habari ndiyo ya hatari. Na utaje kila mahali: nyumbani, kibanda chako sokoni, shule ya watoto, simu, WhatsApp, hadi jamaa anaowatuma. Shule isipotajwa, atakungoja getini na hutakuwa na la kumshika nalo.

Agizo likitoka, lazima limfikie, la sivyo atasema hakulijua. Usilipeleke wewe. Omba mahakama iwaelekeze polisi, na aliyelifikisha ale kiapo kuthibitisha. Kisha acha nakala yenye muhuri kituoni na uhakikishe imeandikwa kwenye OB, kwa sababu askari wa zamu ya usiku hajaiona faili yako. Ndiye atakayekwambia, "Mama, hayo ni ya nyumbani, nendeni mkaelewane." Hapo nawalaumu wakuu wa vituo bila haya. Sheria imewapa polisi kazi ya kukueleza haki zako na kukusaidia kupata matibabu na mahali salama, tena unaweza kuomba kuandikisha taarifa kwa askari wa jinsia yako. Usuluhishi wa kaunta haumo.

Mkirudiana, rudini kortini agizo libadilishwe au lifutwe. Mkilinyamazia tu, wakili wake atakuuliza kulihusu siku utakapoomba lingine.