Ukinipa pishi, nipe na sababu zake

Rafiki yangu alinipigia simu jioni moja akiwa amesimama mbele ya jiko, sauti imemnyong'onyea. Wageni walikuwa njiani na wali wake umekuwa bokoboko. Pishi lile nilimpa mimi: kikombe 1 cha mchele, vikombe 2 vya maji, chemsha, funika, punguza moto. Alilifuata barabara. Alipima vikombe 6 vya mchele na vikombe 12 vya maji, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa hesabu bila kumwambia yale maji yanakwenda wapi.

Mchele hunywa maji karibu sawa na ujazo wake. Yanayozidi hapo huondoka na mvuke, na mvuke unategemea zaidi upana wa sufuria na jinsi mfuniko unavyokaa kuliko wingi wa mchele uliomo. Ukipika kikombe kimoja, sehemu kubwa ya kikombe cha pili cha maji inapotea hewani. Ukipika sita, sufuria haipotezi mara sita. Vikombe 7 au 8 vya maji vingemtosha. Maelezo hayo ni sentensi mbili tu, na mimi niliziruka kwa haraka ya kuonekana pishi langu ni fupi.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: pishi bila sababu zake halijakamilika, hata likiwa na vipimo vyote. Linatoka jikoni kwako linaingia kwa mtu mwenye jiko jingine, sufuria nyingine, na viungo vilivyobaki kabatini mwake. Akijua kwa nini unafanya hivi, atajiongeza. Asipojua, atabaki kukufuata hadi shimoni.

Vipimo vina kazi yake, sivibezi. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alichapisha kitabu kilichosisitiza vikombe na vijiko vya kipimo kimoja, vilivyosawazishwa juu, na wapishi wengi wa nyumbani wakaacha kukisia. Lakini kijiko nacho kina hila. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6 hivi. Kijiko hichohicho cha chumvi ya chengachenga kinaweza kuwa na gramu 3 au 4. Ukiniandikia “kijiko 1 cha chumvi” niambie ni chumvi gani, na kama sina, niambie nianze na nusu kisha nionje.

Dakika ndizo zinazoniudhi zaidi. “Kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe vya kahawia.” Dakika 5 kitunguu kinalainika na kuanza kung'aa, basi. Kukifikisha kwenye ile rangi ya kahawia, kitamu mpaka ndani, kwa moto mdogo, ni nusu saa na zaidi. Mpishi mgeni anasoma dakika 5, anaona vitunguu vyake bado vyeupe, anaongeza moto, vinaungua kingo huku katikati ni vibichi, halafu anajiona yeye ndiye hajui kupika. Mwambie asikilize. Mwanzoni mafuta yanapiga kelele kwa sababu kitunguu kinatoa maji. Kelele ikitulia, maji yamepungua, na hapo ndipo rangi inapoanza kuingia. Sikio halihitaji saa, na jiko likiwa kali au pole, dalili ni ileile.

Nikiandika supu ya mboga siku hizi, naanza na mifupa yake: kitunguu kilichokaangwa taratibu, maji, kitu cha kuipa uzito (kiazi, mchele kiganja kimoja, au maharage yaliyopondwa), na kitu kichachu mwishoni, limau au siki. Uchachu naufafanua, maana ndio watu huuacha: supu ikionekana imepooza, mara nyingi mtu huongeza chumvi wakati ilikuwa inadai tone la limau. Nyama ya supu hiyo, yaani mboga zenyewe, ni chochote kilichopo. Karoti ikikosekana hakuna kilichoharibika.

Ila penye lazima tuseme lazima. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovurugia mtu tumbo vibaya, na moto mdogo hauimalizi. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji yale, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Hapo hakuna cha kila mtu na mkono wake. Keki nayo haichezewi ovyo: magadi ya kuumulia (baking soda) yanahitaji kitu kichachu ili yafanye kazi, kwa hiyo ukibadili mtindi ukaweka maziwa ya kawaida, keki itakaa chini na utaonja magadi.

Na wale wanaotoa pishi huku wameficha kiungo kimoja makusudi, nawaomba waache. Bora kukataa wazi. Mwenzako anapoteza unga, mafuta na moyo wake akitafuta ladha ambayo ulihakikisha hataipata. Mimi chakula changu hakijawahi kupungua utamu kwa sababu mtu mwingine naye anakipika vizuri.

Rafiki yangu alirudia wali wiki iliyofuata. Vikombe 6 vya mchele, 8 vya maji, akaona bado unavuta kidogo, safari ya pili akaweka 7 na nusu na kuweka kitambaa safi chini ya mfuniko, ncha zake amezikunja juu zisiguse moto, kinywe mvuke unaodondoka. Kitambaa hicho sikumfundisha mimi. Nimekiandika kwenye daftari langu, chini ya pishi lile la zamani, na kila ninayempa pishi hilo sasa nampa na kitambaa chake.