Mkaratusi nao una kwao

Nyuma ya nyumba tuliyokulia, upande wa Urambo, kuna shamba la mikaratusi. Baba aliipanda miaka ile wakulima wa tumbaku walipohimizwa kupanda miti ya kuni za mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, maana miombo, misitu yetu ya asili, ilikuwa imekwisha karibu na pale. Imenyooka, imekaa kwa mistari, na mpita njia akiulizwa atasema pale pana msitu. Lakini ingia humo baada ya mvua za kwanza utafute uyoga tuliouzoea. Utatoka na kikapu kitupu. Chini hakuna kitu ila majani makavu yanayonukia dawa.

Miaka mingi niliuchukia mti ule. Siku hizi nauonea huruma, tangu nilipojua habari za kwao.

Kwao ni Australia. Kusini-mashariki ya nchi ile, kuanzia Queensland kupitia New South Wales hadi Victoria, mikaratusi haikusimama kwa mistari. Ilisimama mmoja hapa, mwingine kule, na katikati yake nyasi na maua ya kila namna. Mapori hayo yana mikaratusi mikuu mitatu. Mmoja wao ni Eucalyptus melliodora, jina ambalo maana yake ni kunukia asali, na wafugaji nyuki wa kule wanauthamini kama sisi wa Tabora tunavyouthamini mtundu, mti wa miombo. Na moja ya nyasi zinazoota chini yake ni Themeda triandra. Ndiyo hiyo hiyo iliyojaa Serengeti, ile inayoiva ikawa nyekundu kama kutu. Kumbe mti wa nyuma ya nyumba yetu una jirani ambaye sisi pia tunaye, ila hatukuwahi kuwakutanisha.

Udongo wa mapori yale ulikuwa na rutuba, na hiyo ndiyo iliyoyaponza. Walowezi waliangusha miti wakalima ngano, wakaingiza kondoo, kisha wakaja kumwaga mbolea ya fosfati. Kwa mkulima mbolea ni neema. Kwa maua ya pale ilikuwa msiba, kwa sababu yamezoea udongo wenye fosfati kidogo, na ardhi ikishashiba magugu ya kigeni huyapita mbio. Leo sehemu iliyobaki katika hali njema haifiki asilimia 5 ya eneo la mwanzo. Imebaki kandokando ya barabara, kwenye njia za kale za kupitishia mifugo, na makaburini. Ni kule tu ambako jembe halikupita.

Mwaka 2006 serikali ya shirikisho iliyaingiza mapori hayo, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, katika orodha ya vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Naomba msomaji asilipite hili haraka. Kilichoandikwa kwenye orodha ile hakikuwa mti, wala ndege, wala mipaka ya hifadhi fulani. Ni jumuiya nzima ya mimea: miti, nyasi, maua na namna vinavyoishi pamoja, popote inapopatikana, hata ndani ya shamba la mtu. Kipande cha hekta 0.1 tu kinaweza kulindwa, mradi mimea ya chini iwe ya asili kwa sehemu kubwa, na ukiacha nyasi zipatikane aina 12 au zaidi za mimea ya asili, angalau moja ikiwa miongoni mwa zile zilizotajwa kuwa muhimu. Hata pale ambapo miti ilikatwa zamani ikabaki nyasi na maua, sheria inaweza kupatambua. Mwenye kutaka kupaharibu kwa kiasi kikubwa anatakiwa kwanza apate kibali cha waziri.

Kwa hiyo ili ujue kama sheria inahusika, huna budi kupiga magoti uhesabu maua. Nimelipenda sana jambo hilo. Sisi msitu tunauhesabu tukiwa tumesimama, tukitazama juu.

Sisemi sheria yao imefanya maajabu. Matumizi ya ardhi yaliyokuwa yakiendelea kabla yake yaliachwa yaendelee, na mwenye ardhi ndiye huanza kujipima mwenyewe kama anachotaka kufanya kina madhara makubwa. Mwaka 2020 tathmini huru iliyoongozwa na Graeme Samuel ilisema wazi kwamba sheria ile haifanyi kazi inavyopaswa na kwamba mazingira yanazidi kudhoofika. Mtu anaweza kuuliza, basi ya nini? Jibu langu ni kwamba ilikuja imechelewa, ikakuta mabaki. Sisi bado tuna kitu cha kulinda.

Tathmini ya taifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na sehemu kubwa kabisa ni misitu ya wazi, miombo ikiwa ndiyo mingi. Lakini kipimo tunachotumia kutambua msitu katika hesabu za hewa ukaa ni nusu hekta ya ardhi, vivuli vya miti asilimia 10 na urefu wa mita 3. Kwa kipimo hicho, shamba la baba ni msitu sawa na pori alilookota uyoga bibi yangu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inalinda maeneo yaliyotangazwa kuwa hifadhi, na inalinda miti kama mpingo na mninga. Jumuiya yenyewe haina jina humo. Uyoga unaoishi kwenye mizizi ya mitundu na miyombo, maua yanayotokea majani yakishaungua, nyasi za kuezekea: hivyo huhesabiwa pori tu.

Ninachotaka ni miombo itajwe kisheria kama jumuiya, pamoja na kilicho chini yake, na mtu anayeomba kufyeka aulizwe kuna nini chini kabla ya kuulizwa atapanda miche mingapi. Kazi ya kukagua wapewe wanavijiji. Sheria hiyo hiyo ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia, na Kilwa wamethibitisha kwamba inawezekana: mwaka 2009 misitu ya vijiji kule ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, wakawa wanauza mpingo kwa mpango huku pori likibaki limesimama. Anayejua majina ya uyoga wote wa pori lake hahitaji kufundishwa kuhesabu aina 12.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, shangazi alinipikia uyoga kwa karanga. Nikamuuliza ameutoa wapi, maana pori limesogea mbali mno kwa miguu yake. Akaniambia ameuokota makaburini, chini ya mitundu iliyoachwa kwa heshima ya wazee. Tukiwa watoto hakutaka kabisa tuokote kule. Sasa hakuna pengine, akasema, akanisogezea sahani.