Kikao cha Ukoo Hakimo Vitabuni

Mwaka 1951 vilitoka vitabu viwili ambavyo mtu wa Rungwe, mkoani Mbeya, angepaswa kuvijua vyote. Cha kwanza ni ripoti ambayo daktari wa akili wa Kiingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliokosa familia baada ya vita. Alisema mtoto mchanga anahitaji mama, au mtu mmoja wa kudumu anayeshika nafasi ya mama, na akimkosa huyo anaumia kwa namna ambayo uji na shuka safi haviponyi. Cha pili ni Good Company cha Monica Wilson, kinachowahusu Wanyakyusa, kilichotokana na utafiti alioufanya yeye na mumewe Godfrey huko Rungwe miaka ya 1930. Humo unawakuta wavulana wa miaka 10 au 11 wakitoka kwa baba zao, wakijijengea vibanda vyao na kuishi na wenzao wa rika moja. Mchana wanalima shamba la baba. Kula, wanakula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule.

Afisa ustawi wa jamii anayesoma hapa nchini anamaliza chuo akimjua Bowlby. Monica Wilson tumewaachia wanaanthropolojia, pamoja na wazee wachache wa Tukuyu wanaopenda kubishana kama aliyoyaandika yule mama ni kweli au alidanganywa na vijana. (Nimewahi kukaa kwenye ubishi huo. Chai hupoa.)

Siwadharau waandishi wa nje. Kwanza, elimu yenyewe si ya nje kama tunavyodhani. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, mwaka 1954 alikuwa Uganda, vijiji vya jirani na Kampala, akiingia katika familia 26 na kutazama jinsi watoto 28 walivyowalilia mama zao, walivyowafuata na walivyowakimbilia. Kitabu chake kilitoka 1967. Baadaye alifanya uchunguzi kama huo Baltimore, Marekani, na huo wa Baltimore ndio uliopata jina. Leo mwanafunzi wa Iringa anausoma kama mambo ya Wamarekani.

Upo pia uchunguzi wa Bucharest wa Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, ulioanza mwaka 2000 kwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni Romania. Kwa kura, nusu walipelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwapo. Waliofaidika zaidi ni waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Kitabu cha utafiti huo kilitoka 2014, na ningependa kila mfadhili anayetaka kujenga kituo cha yatima Mufindi au Makete akisome kabla hajanunua tofali la kwanza. Najua kwa nini wanajenga. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe yakiwa asilimia 14.8, wakati Tanzania kwa jumla ilikuwa asilimia 5.1, na ule wa 2022–23 bado uliiweka Njombe juu ya mikoa yote, asilimia 12.7. Nyuma ya namba hizo wapo watoto waliozika wazazi wawili.

Wengi wa watoto hao hawakwenda kituoni wala hawakuasiliwa na mtu. Walikwenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mdogo. Aliyewapeleka huko ni kikao cha ukoo, na hicho ndicho nisichokikuta kwenye rafu ya ustawi wa jamii, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Anayetoka huku Nyanda za Juu Kusini anakijua. Maziko yameisha, wa mbali wanataka kuwahi basi, basi watu wanakusanywa. Wanaume wanakaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, akina mama kwenye mkeka upande wa jikoni. Mwenyekiti ni baba mkubwa. Katibu ni kijana yeyote mwenye mwandiko mzuri, na anaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Inaandikwa nyumba ya bati, ng'ombe, deni la kikoba, kisha shamba la miti. Hapo kwenye miti ndipo saa zinapoishia, maana mpaini uliokaribia kuvunwa si wa kuuzungumzia haraka. Watoto wanakuja mwishoni. Mkubwa aende kwa mjomba Makambako, wa kati achukuliwe na shangazi wa Dar, mdogo abaki na bibi. Mistari miwili. Huyo mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa chai, amepita mbele ya kila mjumbe, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilimsikia bibi mmoja Kilolo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akisema kutoka mkekani: "Mtoto nitakaa naye, wanangu. Sasa ile miti, mmesema ya nani?"

Ukumbi mzima ulikohoa. Swali lile lina sera ya familia nzima ndani yake: anayebeba malezi na anayebeba mali si lazima awe mtu mmoja, na kikao kinajua.

Karatasi ile haipotei. Mahakama ya mwanzo huulizia muhtasari wa kikao cha ukoo inapoteua msimamizi wa mirathi, kwa hiyo unapigwa chapa steshenari, unasainiwa, unawekwa kwenye jalada. Maana yake kwenye makabati ya mahakama zetu, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, zimelala kumbukumbu za jinsi ukoo ulivyogawa watoto wake katika miaka mibaya kuliko yote. Mtafiti wa Ulaya angepewa hazina kama hiyo asingelala. Sisi mwanafunzi wetu wa shahada ya pili tunamtuma agawe dodoso.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuta ile ya zamani ya kuasili, ikaweka malezi ya kambo na kuasili mahali pamoja, ikampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, ikasema aliyeasiliwa anarithi kama mtoto wa kuzaa. Ni sheria nzuri, ila imesubiri watu waifuate. Bibi wa Kilolo hajioni kama mtu wa kwenda mahakamani kuomba mjukuu wake mwenyewe, atakushangaa ukimwambia. Matokeo yake tunayaona shangazi anapokufa bila wosia. Kijana aliyelelewa naye tangu chekechea, aliyemuuguza hadi mwisho, anakaa mlangoni akisikiliza kaka za marehemu wakigawana, na kisheria hana fungu analoweza kulidai kama mtoto. Kikao kile kile kilichompa mama kinamrudisha alikotoka.

Kuna na huyu wa kati, aliyechukuliwa na shangazi wa Dar. Hapa ndipo ninapokorofishana na wasomi wetu wanaopenda kusema kwamba Mwafrika hana yatima. Iringa inajulikana nchi nzima kwa wasichana wa kazi, na tusijifanye hatujui kwamba baadhi yao waliondoka nyumbani kwa maneno "anakwenda kusomeshwa". Esther Goody aliandika vizuri mwaka 1982 kuhusu Wagonja wa Ghana wanavyopeleka watoto kwa ndugu ili wajifunze kazi na udugu usikatike, na ukimsoma unaelewa kwa nini mzazi anakubali. Lakini mpaka kati ya mtoto wa ndugu na mtumishi asiyelipwa hauko kwenye nia ya mzazi. Uko kwenye mambo ya kutazamwa kwa macho: nani anaamka wa kwanza, nani anakula baada ya wengine na anakulia wapi, sare ya nani ilinunuliwa Januari na ya nani inasubiri mwezi ujao. Afisa ustawi anayejua kutazama haya atagundua nyumba mbaya kwa nusu saa. Leo anayajua kwa sababu alikulia kwenye nyumba kama hiyo, si kwa sababu alifundishwa.

Ninachotaka ni kitabu cha kitaaluma kwa Kiswahili, kiandikwe na wahadhiri wa vyuo vyetu vya Iringa na Mbeya, na sura yake ya kwanza iwe kikao cha ukoo. Bowlby na Bucharest wawemo, lakini wakutane na bibi akiwa tayari yumo ndani. Tasnifu zipo, nyingine nzuri sana; zimefungwa jalada gumu, kwa Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa msimamizi na mtahini.

Wapo watakaosema majalada yana majina ya watu. Ni kweli, na majina hayo yaachwe huko huko, hakimu atoe ruhusa kwa maandishi. Wanafunzi wa ustawi wa jamii huja kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi wao huishia kutoa fotokopi ofisini. Wiki mbili za muda huo wangekaa na karani wa mahakama ya mwanzo, kila mmoja na daftari, wakinakili mambo matatu tu kutoka kila muhtasari: mtoto alipewa nani, mali ilikwenda kwa nani, na kama upo mstari wowote unaoonyesha kwamba mtoto aliulizwa.