Acheni maziwa kwenye smuthi, karanga tunazo

Ukiagiza smuthi ya embe hapa mjini Tabora, sehemu nyingi wanakutilia maziwa bila hata kukuuliza. Ukitaka kujua sababu, jibu ni moja: bila maziwa haiwi nzito, itakuwa juisi tu. Jibu hilo nimelisikia kwa wauzaji, nimelisikia harusini, nimelisikia hata jikoni kwa watu ninaowaheshimu sana kwa mapishi. Mimi silikubali. Hapa ni Unyamwezini. Karanga tunalima wenyewe, maembe yanadondoka barabarani, halafu tunasema smuthi haiwezekani mpaka ng'ombe akamuliwe?

Mama yangu ana miaka 68. Amekulia upande wa Sikonge, kwenye boma lenye ng'ombe, na kwake maziwa ni heshima. Mgeni akija anapewa, na mgeni mwenye adabu hakatai. Basi maisha yake yote hakukataa. Alikunywa, akashukuru, akarudi nyumbani tumbo limejaa gesi, linanguruma, usiku kucha ni kutoka na kuingia. Akaamini ana vidonda vya tumbo, na sisi wanawe tukaamini hivyo hivyo. Mwaka juzi alikuja kukaa nami Isevya. Nikamtengenezea smuthi ya embe na maziwa, jagi zima, kwa mapenzi yangu yote. Akainywa. Saa nane usiku nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kanga imefungwa kiunoni, mikono imeshika tumbo.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningekukatalia vipi, mwanangu?"

Maneno hayo bado yananiuma.

Muuguzi mmoja aliyemsikiliza bila haraka ndiye aliyetufumbua macho. Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja ndani ya utumbo mwembamba. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua kadiri wanavyokua, kwa hiyo ile sukari inapita bila kuvunjwa hadi utumbo mpana, huko bakteria wanaichachusha, na gesi inaanzia hapo. Wapo waliojaliwa kubaki nacho ukubwani. Mwaka 2007 timu ya mtafiti Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukaonyesha kwamba wafugaji wa huku kwetu wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba, tofauti na ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa wakiwa watu wazima. Maana yake, kukulia karibu na zizi hakutoshi, inategemea umerithi nini. Ndugu wa tumbo moja, huyu anamaliza kibuyu na kulala fofofo, yule anakesha. Mtindi mama anauweza kidogo, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya ile sukari. (Si kila tumbo linalouma linauma kwa maziwa. Ukiona hali hiyo, nenda ukapimwe.)

Na hata kwa asiyesumbuliwa na maziwa, kuna matunda yasiyopatana nayo. Papai lina papaini, nanasi lina bromelaini, na vyote viwili vinakata protini ya maziwa. Acha jagi mezani kwa muda, ukirudi unakuta imekatika na imeanza uchungu. Watu hulaumu nanasi.

Sasa tazama mboga zetu. Nsansa huungwa na nini? Karanga. Mchicha, majani ya maboga, kisamvu, uyoga wa masika, vyote karanga. Nazi ni mali ya pwani, inafika huku imeshabeba bei ya safari, ndiyo maana bibi zetu kazi ya tui waliipa karanga, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mboga ya karanga ni maji. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, robo hivi ni protini. Ule ulaini wa maziwa mdomoni nao unatokana na hivyo hivyo viwili: matone madogo ya mafuta yaliyoshikiliwa na protini ndani ya maji. Ukiisaga karanga mpaka mwisho wake kisha ukaipa maji taratibu, unapata kitu cha namna hiyo. Nyumbani tunakiita tui la karanga. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji: ile rangi ya njano ya embe ndiyo mwili unaoigeuza kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi ikienda pamoja na mafuta. Embe na karanga vinafaana kuliko tunavyodhani.

Kuna jambo moja hapa ambalo naomba msomaji asiliruke, nalo ni kuchambua. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyolowa, yaliyoanikwa vibaya au kuwekwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo mimi huzimwaga karanga kwenye ungo, mchana, mlangoni penye mwanga, na natoa kila iliyojikunja, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, au yenye vumbi la kijani. Nazitupa kabisa, kuku nao siwapi, maana sumu hiyo inawadhuru. Kuchambua kunapunguza hatari, hakuiondoi yote, ndiyo maana nanunua kwa mkulima ninayejua alivyozianika. Karanga iliyokwisha kusagwa sinunui kwa mtu nisiyemjua. Mbovu ikishasagwa haionekani tena, na kwa kitu ninachompa mama yangu hilo sitaki kubahatisha.

Kukaanga ni moto mdogo, sufuria zito, mwiko hautulii. Zikianza kupasukapasuka na ganda likachubuka ukilisugua kwa vidole, ipua. Usisubiri ziwe za kahawia kabisa kama za kutafuna barabarani, kwa sababu hapo ladha ya karanga inaifunika ya embe. Mbichi nazo zinatoa harufu ya maharage. Zikipoa, zisugue kwa viganja na uzipepete, ganda lile jekundu lina uchungu wake.

Kisha blenda. Weka kikombe kimoja. Mwanzo utapata unga mkavu unaopanda ukutani. Zima, kwangua kwa kijiko, washa tena. Unga unashikana, unakuwa bonge. Wengi wanaachia hapo, na hiyo ndiyo sababu smuthi ya karanga imepata sifa mbaya ya kuwa na chengachenga. Endelea. Mashine ikipata moto ipumzishe kidogo, halafu endelea. Ghafla bonge linalegea, mafuta yanajitokeza, linang'aa, linateleza lenyewe kutoka kwenye kijiko. Sasa tia vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, viwili tu. Rojo litakaza na kupauka, utadhani limeharibika. Halijaharibika. Tia vingine viwili, saga. Vingine viwili. Linaachia tena, na safari hii limekuwa krimu nyeupe, laini, nzito. Hapo ndipo unaongeza glasi mbili za maji bila wasiwasi. Siku umeme ukikatika tunatwanga kwenye kinu na kuchuja kwa kitambaa safi, na mama anasema ya kinu ina ladha zaidi. Nakubaliana naye, ila mikono yangu haina nguvu ya kila siku.

Wanaonishauri korosho sibishani nao. Korosho ikilowekwa usiku mmoja inasagika laini kuliko karanga na ladha yake haijitangazi. Lakini inatoka kusini, na bei yake ikifika Tabora si ya familia kunywa asubuhi. Maziwa ya lozi ya boksi ndiyo siyaelewi kabisa. Sehemu kubwa ya kilichomo ni maji, yamesafirishwa kuvuka bahari, wakati shamba la karanga liko Uyui.

Matunda nitayasema kwa ufupi, isipokuwa embe. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji watu wanaihusisha na misafara ya karne ya 19, iliyokuwa ikipita hapa kati ya Bagamoyo na Ziwa Tanganyika. Embe lenyewe asili yake ni Asia ya Kusini, na karanga, nanasi na papai zilianzia Amerika. Zimekutana kwenye jagi langu Isevya, na hilo hunifurahisha kila nikilifikiria. Kinachonisikitisha ni msimu. Mvua zikishaanza, Novemba na Desemba, maembe ni mengi mpaka yanakanyagwa, nzi wanajaa, watoto wameshayachoka. Aprili unalitafuta embe kama dawa. Hilo halina haja ya kuwa hivyo kwa mwenye friza, yake au ya jirani. Menya embe likiwa limeiva kabisa, kata vipande, vitandaze kwenye sinia ili visigandane, vikishakuwa vigumu vihamishie kwenye mfuko. Dodo linafaa sana kwa njia hii. Yale madogo ya kienyeji ni matamu kuliko dodo, huo ni msimamo wangu, lakini yana nyuzi. Hayo yasugue kwenye chujio, gandisha rojo lake kwenye vikombe vidogo.

Kwa watu wawili: glasi moja ya tui la karanga, vikombe viwili vya embe lililogandishwa, ndizi mbivu moja, kipande cha nanasi cha ukubwa wa kiganja, tangawizi kidogo, ndimu nusu, na chumvi, punje chache tu, kwa ajili ya kuinua utamu. Ndizi iwe ile yenye madoa meusi ambayo muuzaji anataka kukupunguzia bei, maana hapo wanga wake umeshageuka sukari. Zinazotufikia kutoka upande wa Kigoma nazipenda kuliko zote. Tanguliza tui kwenye blenda ili kisu kipate pa kuzungukia, matunda ya baridi yafuate. Barafu usiweke. Barafu ikiyeyuka inazimua kila ulichokihangaikia, na tunda lililoganda tayari ndilo barafu lako. Kunywa hapo hapo. Kijiko kikisimama kidogo kabla ya kulala, umepatia.

Sukari haihitajiki. Mwenye hamu ya utamu zaidi atie asali, Tabora hatukosi asali ya miombo, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo. Na tui la karanga si mbadala wa maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, tafadhali. Wageni nao waulizwe kabla ya kumiminiwa: wapo ambao karanga inawavimbisha midomo au kuwabana pumzi, na kwa hao hakuna "jaribu kidogo tu". Nikiwalaumu wanaotia maziwa bila kuuliza, siwezi mimi kutia karanga bila kuuliza.

Lipo jambo moja ambalo wanaotetea maziwa wako sahihi: kalsiamu. Karanga haina ya kutosha. Mama tunamfidia kwa dagaa wa Kigoma, anawala na miba yao, siku tatu au nne kwa wiki, na hilo halijawahi kumsumbua.

Mwezi uliopita alikwenda Sikonge kwa kaka yake. Aliondoka na kopo la karanga niliyoisaga, limefungwa kwenye kitenge ndani ya kikapu. Jioni akanipigia simu. Walikuwa wameleta maziwa kama kawaida, wifi yake akamkaribisha kwa mikono miwili, na mama akasema, "Asante wifi yangu, tumbo langu na maziwa hayapatani. Nipe embe na maji, nina karanga yangu." Nilimwuliza mara mbili kama kweli alisema hivyo. Alisema. Wifi yake alionja, akaonja tena, akawaita wajukuu.

Mama amesharudi. Kopo limebaki Sikonge.