4G ya Mapambo
Tangu mnara wa simu ulioko juu ya kilima chetu, huku Lushoto, ufungiwe antena mpya, simu yangu huonyesha alama ya 4G saa zote. Lakini ikifika saa mbili usiku, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha data, picha moja ya WhatsApp huzunguka hadi usingizi unipate. Fundi mmoja alinieleza kwamba antena ni nusu tu ya kazi, kwa kuwa data zote za mnara hupita katika kiungo kinachouunganisha na mtandao mkuu, na kiungo hicho kikibaki kile kile cha zamani cha mawimbi badala ya mkongo (kebo ya nyuzi za kioo), sote tunagombania kinjia chembamba. Hilo naelewa. Kinachoniudhi ni kwamba kifurushi cha saa 24 hakijali msongamano: muda unakwisha, megabaiti zimebaki, nami nanunua upya. Umeme ukikatika na betri za mnara zikaisha, hata hiyo 4G ya mapambo hutoweka, na ukirudi, ujumbe wa kwanza kuingia (huo haukwami kamwe) ni wa kampuni, ukinikaribisha kufurahia kasi mpya.