Mwea, Hola na ufunguo wa lango la maji

Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza kwamba mahabusu kadhaa wa kambi ya Hola, kando ya mto Tana, wamefariki baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukasema mengine: watu 11 walikuwa wamepigwa na askari wa kambi hadi kufa, tarehe 3 ya mwezi huo, kwa sababu ya kazi waliyokuwa wakiikataa. Kisa hicho kilitikisa Bunge la London Julai ya mwaka huohuo, na shuleni husomwa katika sura ya Mau Mau. Kazi yenyewe ndiyo hutajwa kwa nusu sentensi. Ilikuwa kazi ya skimu ya umwagiliaji.

Hola haikuwa peke yake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, makambi yalifurika watu, na papo hapo watawala walikuwa na mabonde makavu waliyotamani kuyalima kwa gharama ndogo. Mambo hayo mawili yakakutanishwa. Mwaka 1954, mwaka uleule wa Mpango wa Swynnerton wa kubadili kilimo cha Waafrika, mahabusu walikuwa tayari wanachimba mifereji Mwea, kusini mwa Mlima Kenya, na wengine wako Perkerra, Baringo. Mwea ilikuwa mbuga ya malisho. Ikateremshiwa maji ya mito miwili, Thiba na Nyamindi.

Wapo wanaosema, na si wachache: walau mkoloni alituachia mifereji. Kauli hiyo hujibiwa kwa hasira badala ya hoja, na mimi naona inastahili hoja. Kihandisi Mwea ilipangwa vizuri. Maji hushuka yenyewe kutoka kwenye banio, pale yanapochepushwa mtoni, hadi majarubani, yaani vishamba vya mpunga; hakuna pampu wala mafuta ya kununua, na udongo mweusi wa pale hushika maji namna mpunga unavyotaka. Familia ambazo hazikuwa na hata kiunga cha mboga zilipewa ekari nne nne. Katika miaka ya sitini wataalamu wa maendeleo walikuja kuitazama kama mfano wa Afrika nzima, na leo sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya hutoka huko. Anayenunua mchele wa pishori sokoni anakula matunda ya mfereji ule.

Ila sifa hiyo tusiitawanye ovyo. Hola iliendeshwa na serikali ileile, kwa watu walewale wa kambini, lakini ilitegemea pampu na ukingo wa mto usiotulia. Mwaka 1989 Tana ilihama mkondo, mtambo ukabaki unatazama mchanga, na skimu ikafa kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesifu uhandisi wa kikoloni anasifu Mwea tu.

Na hata Mwea, kilichorithiwa kilikuwa zaidi ya saruji na udongo. Kulikuwa na karatasi. Kanuni za maeneo ya umwagiliaji za mwaka 1962, zilizotungwa bendera ya Uingereza ikiwa bado juu, zilimfanya mkulima kuwa mwenye leseni tu. Ardhi haikuwa yake. Meneja ndiye aliyeamua kipandwe nini na lini, na zao lililopandwa kinyume cha amri yake liliweza kung'olewa. Mkulima hakuruhusiwa kujenga bila idhini, wala kutoka kwenye skimu kwa zaidi ya mwezi mmoja bila kuomba ruhusa. Kilichonishtua nilipozisoma ni tafsiri ya wategemezi wake halali: wazazi, wake, na watoto walio chini ya miaka 18. Kijana akitimiza umri huo, kisheria alikuwa mgeni katika nyumba ya baba yake. Kambi ya mahabusu ilivunjwa, lakini fikra za kambi zikahamia kwenye leseni.

Serikali huru ingeweza kuzichana kanuni hizo. Haikuzichana. Mwaka 1966 ilitunga Sheria ya Umwagiliaji na kuunda Bodi ya Kitaifa ya Umwagiliaji, ikakalia kiti cha meneja kikiwa bado na joto. Mpunga wote ulipitia kwa bodi, bodi ikakata gharama za trekta, mbolea na maji, kisha mkulima akapewa kilichobaki. Wake wa wakulima waliubeba mzigo mara mbili, kwani walipalilia mpunga ambao malipo yake yaliandikwa jina la mume, na katika vijiji vilivyobanwa na majaruba, kuni na mboga zikawa vitu vya kununua. Kichocho nacho kikapata makazi ndani ya maji yale.

Mwisho wa miaka ya tisini ndio uliopasua jipu. Kuanzia 1998 wakulima walikataa kupeleka mpunga wao kwa bodi, wakaupeleka kwenye chama chao cha ushirika, wakapambana na polisi na wakashinda. Laiti hadithi ingeishia hapo, uchambuzi huu ungekuwa mfupi.

Wanaotetea usimamizi wa mkono wa chuma huanzia hapohapo, na hawana makosa yote. Bodi ilipoondoka, mifereji ilianza kujaa tope. Watu wa nje ya skimu wakavuta maji kwa mashamba yao wenyewe, wengi wao wakiwa wale vijana waliokosa ekari kwa baba zao, na walio mwisho wa mfereji wakabaki wanaangalia nyufa za udongo. Mpunga hauna subira: jaruba lisipopata maji wiki inayotakiwa, msimu umekwenda. Ilibidi wakulima na bodi warudi mezani na kugawana kazi, bodi ikabaki na mifereji mikuu, na vyama vya watumiaji maji vikachukua midogo.

Basi nidhamu ya maji inahitajika, hilo nakubali. Ninachokataa ni kwamba nidhamu hiyo ilihitaji bwana. Kwenye bonde la Kerio, Wamarakwet walichimba mifereji yao karne kadhaa kabla ya mhandisi yeyote kufika, wakiipitisha kwenye miamba kwa magogo, mawe na vichaka. Mfereji ni wa ukoo, zamu zinajulikana, na anayeiba maji usiku anajua atakutana na akina nani asubuhi. Wachagga wa Kilimanjaro wana mifongo yao, yaani mifereji ya jadi, kwa utaratibu unaofanana na huo. Maafisa wa Uingereza waliiona mifereji hii, wengine waliistaajabia, lakini walipoketi kupanga Mwea hawakuchukua chochote kutoka kwenye mabaraza ya mifereji hiyo.

Mtu atanijibu kwamba mfongo unaohudumia vitongoji vichache si sawa na skimu ya maelfu ya ekari, na kwamba ukoo hauwezi kugawa maji kati ya watu wasiojuana. Ni kweli, na ndiyo hoja ngumu kuliko zote za upande ule. Jibu langu ni kwamba utaratibu wa watu wasiojuana hutengenezwa kwa miaka ya mazoezi, na wakulima wa Mwea walinyimwa mazoezi hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1998 walikabidhiwa lango siku moja, hawajawahi kuulizwa hata mara moja lifunguliwe lini. Vurugu zilizofuata naziandika kwenye hesabu ya meneja.

Sheria mpya ya 2019 imeifuta bodi na kuweka Mamlaka ya Kitaifa ya Umwagiliaji, na Oktoba 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa ili Mwea iweze kulima misimu miwili kwa mwaka. Maji yameongezeka. Wiki ya kiangazi ambayo hayatoshi kwa wote itakuja vilevile, na siku hiyo nitataka kujua ni nani aliyeketi kwenye kikao cha kupanga zamu, na kama miongoni mwao yumo mwanamke anayepalilia mpunga na yule kijana wa nje ya skimu.